Nyota Bila Soksi

Kikosini walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake. Aliendesha gari kana kwamba amebeba trei la mayai. Vijana wa karakana walimtania kwamba hata akipitwa na bibi mwenye mkongojo, humpungia mkono na kumtakia safari njema. Yeye alicheka tu, akaendelea kufuta kioo. Alikuwa koplo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Watu aliowafundisha kushika usukani walimpita vyeo, wakaanza kumwamrisha, naye hakununa. Alibakiza muda mfupi astaafu, na alitaka kitu kimoja tu: aondoke jeshini kama alivyoingia, jina safi, sare safi, akabidhi funguo na kupeana mikono na wenzake.

Bahati mbaya yake ilikuwa kwamba alimwendesha Jenerali.

Jenerali huyo askari walimwita Mfano, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi tatu bila kulitaja neno hilo. "Kiongozi ni mfano!" alinguruma gwaridani, tumbo likisukuma vifungo. "Kosa la askari wangu ni kosa langu mimi! Nitawajibika mimi kwanza!" Akimaliza hotuba, alipita kukagua mistari, na akimwona mpishi ana kifungo kimoja kimelegea, alimtupa mahabusu. Hapo hakuwajibika mtu mwingine ila mpishi.

Ukikaa kikosini muda wa kutosha unajifunza kwamba kila tendo lina majina mawili, moja la chini na moja la juu. Askari akinywa, amelewa. Afisa akinywa, amechoka. Askari akichelewa, ametoroka. Afisa akichelewa, ana majukumu. Kuna dereva aliyempakia mama yake mgonjwa kwenye lori la jeshi, akafungwa kwa matumizi mabaya ya mali ya umma. Lori hilohilo lilibeba saruji ya nyumba ya Jenerali juma zima, na hiyo iliitwa mazoezi ya usafirishaji. Hakuna aliyecheka. Maafisa wakubwa walilitamka neno hilo wakiwa wamekaza nyuso, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: walikuwa wamelizoea kiasi cha kuliamini.

Taratibu aliyaona yote haya kupitia kioo cha kati cha gari, akafunga mdomo. Aliamini kwamba mtu akishika kazi yake vizuri, uchafu wa wengine hautamrukia. Na kazi yake aliishika. Mbele ya gari la Jenerali kulikuwa na kibao chekundu chenye nyota mbili. Mkubwa akiwa ndani, kibao huachwa wazi na kila mlinzi anayekiona hupiga saluti. Mkubwa akishuka, dereva hukivisha mfuko mweusi wa turubai, ambao askari waliuita soksi, ili watu wasije wakalipigia saluti gari tupu. Madereva wengine walisahau. Taratibu hakuwahi. Mkewe alisema kwamba siku mumewe akifa, kitu cha kwanza atakachouliza huko aendako ni kama amekivisha kibao soksi.

Jumamosi moja, mchana kweupe, Jenerali alitoka kwenye tafrija ya afisa mwenzake akiwa, kwa lugha ya juu, amechoka. Aliingia garini akinuka uchovu huo hadi viti vya mbele. Hawakufika mbali kabla hajaanza kupiga ngumi kiti cha dereva.

"Koplo, unaendesha gari au unasindikiza jeneza?"

"Barabara ina mashimo, afande."

"Mashimo yako kichwani mwako. Simama. Nipe usukani."

"Afande, leo afadhali—"

"Hiyo ni amri! Unajua maana ya amri, au nikufundishe?"

Taratibu alisimamisha gari, akahamia kiti cha pembeni, akafunga mkanda. Jenerali alikanyaga mafuta. Walipita lango la nyuma la kambi, mlinzi akaona nyota, akapiga saluti iliyonyooka, na Jenerali akaijibu kwa mkono uliopaswa kushika usukani. Kwenye kona ya sokoni, chini ya mwavuli mkuukuu, fundi baiskeli alikuwa ameketi kwenye kigoda akikaza spoku za gurudumu. Gari liliacha lami, likaugonga mwavuli, kigoda na mguu wa fundi, na likasimama kwenye nguzo.

Jenerali alishuka upande wake. Hakumtazama fundi, aliyekuwa akilia kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Alitazama bampa. Kisha akamgeukia dereva wake, aliyekuwa anashuka upande wa abiria, akasema neno ambalo Taratibu hatalisahau:

"Umeona ulichofanya, koplo?"

Taratibu alidhani ni pombe inaongea. Jenerali akatoa simu, akaita gari jingine, akapanda na kuondoka. Koplo akavua shati la sare, akalichana, akamfunga fundi mguu, kisha akasimamisha gari la mzigo lililowapeleka hospitali.

Jumatatu aliitwa ofisini kwa Meja aliyeshughulikia mashauri ya nidhamu. Meja alikuwa mtu laini, mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa.

"Kaa, baba. Umechukua gari la Jenerali bila ruhusa, ukaendesha ovyo, ukamvunja raia mguu. Sasa usihangaike. Kiri tu. Utashushwa cheo kidogo, utabaki na nyumba ya kambini, utastaafu salama. Mzee amesema atakuangalia."

"Afande, aliyeendesha ni yeye."

Meja alitabasamu kama aliyesikia mtoto akisema mwezi unamfuata. "Sikukusikia."

"Nimesema aliyeendesha ni Jenerali."

"Na mimi nimesema sikukusikia. Nenda nyumbani kazungumze na mama watoto. Ukikataa, watakufukuza jeshini mbele ya gwaride zima. Una mpaka Ijumaa."

Mama watoto alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya wilaya, na kama ilivyo dunia hii ndogo, fundi baiskeli alilazwa wodini kwake. Jioni ile alimsikiliza mumewe huku ameshika kiuno.

"Wewe unataka kufanya nini?" aliuliza.

"Nimechoka, mke wangu. Pengine nikiri yaishe. Nyumba ni yao, uzee ni wangu."

"Yaishe kwa nani? Yule fundi ndiye ninayembadilishia bandeji kila asubuhi. Leo ameniambia mwenyewe: 'Dada, aliyenigonga ni mtu mnene mwenye nishani kifuani.' Nikamwambia mume wangu hajawahi kuwa na nishani hata ya karatasi. Ukikiri, kesho naingia wodini kama mke wa mtu aliyemvunja mguu. Nitamtazamaje, baba watoto? Nitajivisha soksi usoni?"

"Wakinifukuza tutakwenda wapi?"

"Tutakwenda kwa miguu. Una miguu miwili, shukuru. Kuna mwenzako ana mmoja."

Taratibu alicheka, na hiyo ndiyo ilikuwa shida ya kuoa mwanamke huyo: alimchekesha mtu mahali pasipostahili. Asubuhi Taratibu alimwambia Meja kwamba hakiri. Usoni mwa Meja ulaini wote ulikauka papo hapo.

"Basi usije ukasema hukuambiwa, mpumbavu wewe," alisema, na hakumwita tena baba.

Shauri lilisikilizwa na makanali watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji. Wote watatu walikuwa wamekula meza moja na Jenerali siku ya tafrija. Jenerali mwenyewe hakuwepo. Alikuwa, walisema, na majukumu.

Walimwita kwanza fundi baiskeli. Aliingia kwa kiti kipya cha magurudumu, kinachong'aa. Siku mbili kabla, Jenerali alikwenda hospitali na wapiga picha, akamkabidhi kiti hicho na kumshika bega, akasema jeshi ni la wananchi. Wapiga picha walipoondoka, Meja alibaki na kuzungumza na fundi kwa sauti ya chini.

"Ulimwona dereva?" aliuliza kanali wa katikati.

Fundi alitazama mikono yake yenye grisi isiyotoka. "Nilikuwa nimeinamia gurudumu. Sikuona kitu."

Taratibu hakumchukia. Mtu aliyevunjwa mguu na mkubwa, akaletewa kiti na mkubwa huyohuyo, akanong'onezewa na msaidizi wa mkubwa, ungetaka aseme nini? Chuki yake aliitunza kwa walioketi nyuma ya maji baridi.

Kisha ikapitishwa picha ya gari kwenye nguzo, iliyopigwa na askari wa usalama barabarani. Taratibu aliitazama, akainuka. Kibao kilikuwa wazi, nyota mbili zinametameta juani.

"Waheshimiwa, tazameni," alisema kwa matumaini. "Nyota haina soksi. Kila mtu hapa anajua sifanyi hivyo gari likiwa tupu. Nyota ilikuwa wazi kwa sababu mwenyewe alikuwa ndani. Mwiteni mlinzi wa lango la nyuma, alimpigia saluti!"

Kanali wa kushoto alikohoa. Wa kulia alianza kufungua chupa ya maji, akaghairi. Kwa muda mfupi ilionekana kwamba hata wao wamekwama, maana sheria ya soksi walioitunga ni wao, na waliijua kuliko sala zao. Kanali wa katikati aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali, akaiweka chini.

"Karani," alisema, "ongeza shtaka la pili. Kuendesha gari la mkubwa bila kufunika nyota. Na la tatu, kumdanganya mlinzi hadi akalipigia saluti gari tupu."

Wakamtia hatiani kwa yote matatu.

Hawa ndio watu wanaowafundisha vijana maana ya heshima! Walipoonyeshwa ukweli mchana kweupe, hawakuukataa. Waliupa namba ya shtaka.

Gwaride la kumfukuza lilipangwa asubuhi, jua likiwa limechomoza vizuri ili kila mtu aone. Kikosi kizima kilipangwa mistari uwanjani. Jenerali alipanda jukwaani, safari hii akiwa na majukumu ya kuwepo, akahutubia kuhusu uwajibikaji. Alisema inamuuma kama baba. Alisema hakuna aliye juu ya sheria. Vifungo vyake vilikuwa vyote mahali pake.

Kisha akashuka, akamng'oa Taratibu tepe za ukoplo kwa mkono wake mwenyewe. Sajini meja akasoma hukumu kwa sauti ya kupasua anga: kuanzia dakika hii, huyu si askari tena.

Jenerali alisimama mbele yake, akingoja. Aliyefukuzwa hupiga saluti ya mwisho, na Jenerali aliitaka saluti hiyo kama mtu anavyotaka chenji yake.

Taratibu aliiweka mikono mifukoni.

"Saluti, we!" alifoka sajini meja.

"Si umesoma mwenyewe sasa hivi? Mimi raia." Kisha akamtazama Jenerali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi hakumwita afande. "Mzee, nilipokuwa askari sikuruhusiwa kusema jenerali ni mwongo. Leo umeniruhusu mwenyewe. Gari uliendesha wewe. Mguu wa yule bwana umeuvunja wewe. Ulikuwa umelewa, hukuwa umechoka."

Hakupaza sauti, ila uwanja ulikuwa kimya na maneno yalifika hadi mstari wa nyuma. Akageuka, akaanza kuondoka katikati ya uwanja, kwa mwendo wake uleule wa siku zote.

Uso wa Jenerali uliiva. Alitafuta neno la kumrudisha mtu yule, na kwa kuwa maisha yake yote alizungumza na watu kwa amri tu, hakuwa na neno jingine.

"Nyuma geuka!" alipiga kelele. "Nimesema, nyumaaa... geuka!"

Taratibu aliendelea kutembea. Lakini kikosi kizima, kuanzia mstari wa mbele hadi wa mwisho, kiligeuka kwa pamoja, buti zikagonga ardhi kwa mshindo mmoja. Jenerali akabaki peke yake mbele ya migongo yao.

Wapo wanaosema yalikuwa mazoea tu ya askari kutii sauti ile. Wapo wanaosema vingine. Makanali walitafuta juma zima kosa la kuwashtaki, hawakulipata. Walikuwa wametii amri.