Umio wa Kalinga

Kalinga wa Nyololo alikuwa mchinjaji na mtu wa haya. Watu walimsifu kwa jambo moja: hakuwahi kumwonyesha ng'ombe kisu. Alikificha nyuma ya mgongo mpaka mwisho.

Ugali ulipoanza kumkwama kifuani, aliusukuma kwa maji na kunyamaza. Mkewe, Veneranda, ndiye aliyemwambia Sosthenes, kaka yake Kalinga, naye akampeleka hospitali Mbeya. Huko walimpitishia kooni mpira wenye kamera. Dawa ilikuwa bado inamlewesha, hivyo daktari akamwita kaka mtu. Kwao ndivyo ilivyo, neno zito huambiwa mkubwa wa mgonjwa. Sosthenes alitoka akitabasamu. Alisema ni vidonda tu, viko kwenye umio, na umio uko chini kabisa ya tumbo. Kalinga hakuuliza. Aliyefika sekondari ni kaka.

Akameza dawa za vidonda tangu kupanda mahindi hadi kuvuna. Ugali ukamshinda, akahamia uji. Nyumbani wakawa wapole ajabu. Hata Yotamu, mtani wake, aliacha kumwita mchawi wa nyama.

Alipokwenda zahanati kuongeza dawa, alimkuta nesi Tekla akiwafundisha akina mama kwa picha ya ukutani: kinywa, koromeo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Umio ulikuwa mrija unaoshuka kifuani, juu ya tumbo. Kalinga akajishika kifua palepale ugali ulipokuwa ukikwama. Mrija huo ameukata kwa ng'ombe miaka yote, ila jina lake la kitabuni hakulijua. Baadaye alimuuliza nesi ni vidonda gani huziba umio hata uji upite kwa shida. Tekla alimtazama shingo iliyokonda, akamuuliza majibu ya Mbeya aliyapokea nani.

Kesho yake Sosthenes alimkuta machinjioni, dume limeshapasuliwa. Kalinga aliinua mrija uliokuwa ukichuruzika damu.

"Kaka, huu unaitwaje?"

Sosthenes alitazama chini. "Umio."

"Wangu una nini?"

"Saratani, mdogo wangu. Walisema urudi upesi. Tukaogopa hofu ingekuua kabla."

"Nyie na nani?"

Akawataja: mama yao, Veneranda, hata Yotamu.

Kalinga alisuuza kisu polepole. "Ng'ombe ndiye ninayemficha kisu, kaka. Mimi mmenificha kwa nini?"

Sosthenes alitaka kumsindikiza. Kalinga alikataa, akaenda barabara kuu na mabuti yake yenye damu, akapungia mkono basi la Mbeya. Safari hii daktari atamwambia yeye mwenyewe.