Arobaini na Nne Aliyoikataa Roshanali

Mdogo wangu Roshanali ni fundi saa. Miaka thelathini na minane alikaa nyuma ya kioo cha duka lake hapa Toronto, na kabla ya hapo aliifanya kazi hiyohiyo Morogoro kwa baba yetu. Habari zake naziandika mwenyewe, kwa mkono, kwa sababu watoto wetu wakiandika wataandika Kiingereza na nusu wataiacha. Nilisoma hadi darasa la nane tu, lakini kusahau sikufundishwa.

Alipostaafu, starehe yake ilibaki moja: klabu ya kulenga shabaha, kaskazini ya mji, kila Jumamosi. Kibali cha serikali alikuwa nacho, na bastola ndogo ya silinda. Wazee wenzake wa mtaa wetu wa Thornhill wanakwenda kituo cha jumuiya kunywa chai na kusemana. Yeye alikwenda kutoboa karatasi. Mwanzoni nilimcheka. Kisha nikaona anavyorudi mgongo umenyooka, nikaacha.

Klabuni kuna shindano la bastola zenye mtutu mpana, kuanzia kipimo cha arobaini kwenda juu. Hilo alilitamani miaka. Basi mwaka 2022, mwezi wa nne, akaiuza ile ndogo ili atafute kubwa, na kubwa yenyewe hajaipata. Mwezi wa tano haujaisha, serikali ikatangaza kwamba itafunga uuzaji wa bastola kwa watu kama yeye. Siku hasa hawakuitaja. Ambaye siku hiyo ingemkuta mikono mitupu, ndiyo basi tena.

Dukani nilikwenda naye mimi. Binti yake Sabika alikataa. Alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba mzee wa miaka sabini na moja alime nyanya. Muuzaji anaitwa Wayne, pande la mtu, niliyemfundisha siku ileile aniite Mama. Rafu zake zilikuwa nyeupe, watu wameshasomba. Kubwa iliyobaki ilikuwa moja, arobaini na nne Magnum, ya risasi kali, nzito kama pasi ya mkaa. Nyuma ya duka kuna mahali pa kujaribia. Roshanali akafyatua mara moja. Mkono wote uliruka juu, na kile kidole gumba chenye baridi yabisi kikaanza kuvimba palepale. Wayne akaanza kueleza jambo kuhusu risasi. Nani alimsikiliza? Roshanali ameshika kifundo cha mkono, mimi nimemshika Roshanali, tumetoka hadi kwenye gari.

Na ni mimi niliyesema, "Mpigie maulana sasa hivi, uchukue istikhara, tumalize."

Sisi hatuozeshi, hatununui nyumba, hatuingii chumba cha upasuaji bila istikhara, kumuuliza Mungu kwanza. Maulana hakuulizi jambo lako. Unatia nia moyoni, yeye anahesabu tasbihi yake, anakwambia nzuri au mbaya. Roshanali akatia nia: hiyo arobaini na nne. Dakika mbili, jibu likaja. Mbaya. Tukashukuru, tukarudi nyumbani kupika.

Wiki iliyofuata Wayne akapiga simu. Kumbe bastola ileile inakubali risasi nyingine, arobaini na nne Speshali, fupi na yenye baruti kidogo. Ndani ya chuma kizito namna ile, alisema, hutapigwa mkono, utasukumwa tu. Hilo ndilo alilotaka kusema siku ile. Atamwekea siku tatu.

"Basi kaichukue," nikamwambia.

"Nimeshauliza, Dada. Nimeambiwa mbaya."

"Uliuliza kidole kimevimba. Uliza tena, safari hii tia nia ya risasi ndogo."

"Bastola si ni ileile? Au unataka nibishane bei na Mungu, kama nanunua vitunguu?"

Mama yetu alitufunza utaratibu: kwanza unawauliza wanaojua, mpaka waishe, na ukibaki hujui ushike lipi, hapo ndipo unachukua istikhara. Sisi tulianza mwishoni. Na mimi ndiye ninayewasema wanawake wa msikitini Bathurst kila siku kwa kosa hilohilo. Siku tatu zikapita, ikanunuliwa na mwingine.

Wayne akamshauri arobaini na tano Kolti. Risasi nene, ya zamani, inasukuma polepole, hata mkono wa mzee unaiweza. Istikhara yake ikatoka nzuri. Lakini bastola yenyewe haikuwepo. Jina lake likaandikwa kwenye orodha. Mwezi wa nane serikali ikazuia kuingiza bastola kutoka nje. Kila Jumanne nilipiga simu dukani, na kila Jumanne Wayne alinijibu kwa upole, "Bado, Mama." Upole ule ulinichosha kuliko matusi. Sikuwa na jingine la kufanya. Dua niliisoma, simu nilipiga, kwa Sabika nililia.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi redio ikasema kwamba kuanzia leo uuzaji wa bastola umefungwa. Roshanali alikuwa anafunga vifungo vya shati kwenda msikitini. Alivifunga vyote, kimoja kimoja, tukaenda.

Baada ya wiki mbili Wayne akapiga. Mjane mmoja ameleta ya marehemu mumewe, arobaini na tano Kolti, safi. Kumuuzia Roshanali hawezi. Akipenda, aje aione.

Nilimwomba asiende. Alikwenda, nami nikaenda. Wayne aliiweka mezani juu ya kitambaa. Roshanali akaifungua, akaizungusha silinda taratibu akiwa ameinamisha sikio, akaifunga, akainyanyua kuelekea ukutani.

"Inanikaa," alisema.

Wayne akatazama sakafu. Akasema samahani, mara ngapi sijui. Roshanali akatoa leso, akafuta alama za vidole vyake juu ya chuma, akairudisha palepale ilipokuwa.

Klabuni hajaacha kwenda. Hana bastola, na ya kuazima haitaki, basi wamempa kazi ya kubandika karatasi za shabaha. Akirudi jioni namuuliza imekuwaje leo. Ananitajia alama za wenzake.