Mkono Chini ya Gari

Zamani mke wa mtoto alipomwona baba mkwe wake njiani aliingia migombani akajifunika uso mpaka mzee apite. Leo wanakaa kwenye gari moja, goti kwa goti, na hakuna anayeona aibu. Hapa Ikolo, kijijini kwetu Unyakyusani, alibaki mtu mmoja tu aliyeushika mwiko huo, jirani yangu Zebedayo, mkulima wa mpunga na kokoa, aliyekuwa dereva wa malori enzi za ujana wake.

Wageni wanafikiri ilikuwa chuki. Haikuwa chuki. Mwanamke aliyekuja kukuzalia wajukuu humkodolei macho kama muuza dagaa. Humwiti, humgusi, na yeye hakutazami wala halitaji jina lako. Mkipishana, kila mmoja anampa mwenzake njia. Ndivyo walivyoheshimiana wazee wetu, na nyumba zao hazikuwa na matusi ninayoyasikia siku hizi kupitia ukuta wa matofali ya kuchoma.

Mwanawe Zebedayo, Jubilate, ni karani mjini Kyela. Alimwoa Stumai, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, binti mwenye adabu zake za pwani. Kwa adabu hizo mkubwa huamkiwa kwanza, tena usoni. Kila walipokuja kutembea, Stumai aliingia kwa mlango wa mbele akimtafuta mzee amwamkie, na Zebedayo alitoka kwa mlango wa nyuma. Mzee alidhani mkwewe anakaa kimya kwa heshima, akamsifu kwetu. Stumai naye aliamini kwamba mzee anaumwa masikio na hapendi watu, kwa sababu ndivyo Jubilate alivyomwambia. Kijana aliona haya kumweleza mke wake msomi desturi ya kwao. Alizunguka Mbeya nzima kutafuta kifaa cha gari, lakini neno moja la nyumbani kwao lilimshinda kulisema.

Kifaa chenyewe kilikuwa sensa ya spidi, kidude kinachoipa giaboksi habari ya mwendo wa gari. Jubilate alikuwa na gari dogo la otomatiki, na gari hilo lilianza kusumbua. Linakwenda, lakini mshale wa spidi umelala kwenye sifuri. Injini inalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni na gia haibadiliki. Taa ya njano inapepesa kwenye dashibodi. Fundi mmoja alimwambia giaboksi imekufa, mwingine akamwambia ni sensa tu, abadilishe. Jubilate akamwamini wa pili. Jumapili moja akaja na mkewe na mtoto, ili yeye na baba yake waifunge nyumbani.

Zebedayo alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Muda mrefu mwanawe hakuwa amemhitaji kwa lolote. Alivua shati la kanisani, akavaa kaptula yake ya shambani iliyochanika nyuma, akatoa waya wa betri. Wakalipandisha gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya magogo. Mzee akajilaza chali, akaingia chini.

Sensa ile imekaa ubavuni mwa giaboksi, imeshikwa na bolti moja ya spana namba kumi, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki vizuri. Spana yao ilikuwa fupi. Jubilate akaja kwangu kuazima yenye shingo ndefu, na kabla ya kuondoka alimwambia mkewe amshikie mzee tochi. Sijui alifikiri nini. Nadhani hakufikiri.

Nilimfuata na spana yangu, kwa hiyo niliyaona. Tulipofika, mzee alikuwa amekwisha kuilegeza bolti kwa spana ile ile fupi na kuichomoa sensa ya zamani. Oili nyekundu ilikuwa inamtiririkia kifuani, naye yuko katika raha yake, anapiga soga kwa sauti kubwa.

"Wewe Jubilate, unashika tochi kama mtu anayemulika kuku usiku," alisema. "Mulika huku, siyo kitovuni kwangu. Haya, lete sensa mpya."

Mkono ukaingia chini ya gari na sensa mpya, vidole vina hina. Mzee akaupokea kwa kuupapasa, akaushika wote mpaka kwenye kifundo.

Stumai akacheka. "Baba, kumbe unaongea vizuri hivyo!"

Zebedayo alitoka upande wa pili wa gari kwa kutambaa. Sensa ilimponyoka ikaanguka mchangani. Aliziba uso kwa tambara la oili, akakimbia kuelekea kwenye kokoa, kaptula yake imechanika nyuma, na watu walikuwa wanapita barabarani kutoka ibadani. Mmoja akamwita, "Zebedayo, nyuki au deni?" Wengine wakaangua kicheko. Wanyakyusa wenzake, watu ambao bibi zao wangelilia kuona jambo lile.

Stumai alibaki amechuchumaa, tochi inawaka mchana kweupe.

"Nimemfanya nini?" alimwuliza mumewe.

Jubilate alitazama chini. "Mzee ana aibu tu," akasema, akaanza kuipangusa sensa mchanga.

Stumai aliunusa mkono wake, akautazama, akaingia ndani. Hapo ndipo mzee alipotoka kwenye kokoa. Alirudi chini ya gari. Aliisafisha sensa, akaupaka oili mpira wake, akaisukuma mahali pake na kukaza bolti, akachomeka soketi ya waya. Jubilate alipolijaribu gari barabarani mshale uliinuka na gia zikaingia moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshangilia.

Jikoni, Tusekile, mke wa Zebedayo, alimweleza Stumai kila kitu, kuanzia mwanzo. Binti alisikiliza akilia. Tusekile alidhani ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa, ila kilichomuuma ni kingine. Miaka yote ile walimwacha abishe hodi kwenye mlango ambao wenyewe walijua haufunguliwi. Alijiona mjinga wa nyumba nzima. Alipopanda gari, mtoto mapajani, alisema kwa upole maneno ambayo Tusekile amenisimulia mara nyingi.

"Mama, desturi yenu naiheshimu, lakini kwetu mtu asiyeitikia salamu yako amekukana. Siku ambayo baba ataniitikia, nitamleta mjukuu wake. Kabla ya hapo siji."

Hawakuja mpunga ulipovunwa. Hawakuja Krismasi. Nilimwambia Zebedayo kwamba wazee waliotufundisha mwiko wamekwisha kufa, na mtoto anakua bila kumjua. Akanijibu kwamba akimwitikia mkwe wake atakuwa amemtukana mama yake kaburini. Nilimkasirikia, na nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini siku moja nikipita nyuma ya shamba lake nilimsikia akisema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alikuwa peke yake na migomba. Nikarudi kwa njia nyingine asijue nimesikia. Jioni hiyo akaniambia mwenyewe kwamba ameamua, na kwamba akimwona Stumai atamwitikia, Mungu na mama yake wamsamehe.

Haikupita muda mrefu tukaenda mimi naye Lyulilo, soko la ufukweni mwa ziwa, kununua vyungu. Wanawake wa Kikisi walikuwa wamevipanga mchangani, vingine bado vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi. Gari la Jubilate lilikuwa limeegeshwa juu kidogo, naye Jubilate anachagua samaki. Stumai alikuja kati ya vyungu, mtoto kiunoni. Alituona. Angeweza kugeuka. Alisogea mpaka mbele ya Zebedayo, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Mzee alikuwa na chungu mikononi. Niliona midomo yake ikifunguka. Baadaye aliniambia kwamba si mwiko uliomziba. Aliona wauza vyungu wote wanamtazama, akaikumbuka kaptula yake, na mkono ule alivyoushika, na aibu ikamshinda nguvu. Alikiinua chungu mpaka usoni, akaanza kukigongagonga kwa kidole kama mtu anayetafuta ufa.

Stumai alisubiri. Mtoto alinyoosha mkono kugusa chungu. Mama yake akaushusha taratibu.

"Mzee, hicho hakina ufa," mwuzaji mmoja akasema. "Mwitikie mtoto wa watu."

Aliendelea kugonga. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, kisha gari likapanda kwenda njia ya Matema, gia zikibadilika bila kukwama, mpaka sauti ikapotea. Zebedayo alikuwa bado na chungu usoni. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona, kama kule ni kuona.