Rangi ya Tangazo la Gojko

Miaka ishirini na nane Vejsil amebandika matangazo ya vifo katika mtaa wetu wa Sarajevo. Mkono wake umezoea mno: akiona karatasi na ndoo ya gundi pamoja, miguu inaanza safari yenyewe. Fremu ya kijani ni ya Mwislamu, nyeusi ya Mkristo, buluu ya asiye na dini. Hajawahi kukosea rangi, na kwa hilo alijisifu mpaka akatuchosha.

Juzi akaja Gojko, ambaye moyo unamsumbua, anataka kuchagua tangazo lake mapema.

"Nikiweka kijani, Savka hatakuja kunizika," alisema. Savka ni dada yake, anakaa ng'ambo ya mto. Tangu Gojko, Mkristo kama yeye, amwoe Šemsa, binti wa Kiislamu, Savka hajamsemesha, mwaka wa kumi na moja huu. "Nikiweka nyeusi, Šemsa atasema nimemkana."

"Weka buluu."

"Marehemu mama atafufuka anichape."

"Jirani, wewe unasumbua hata kabla hujafa," Vejsil alisema. "Nakuchapia zote tatu, kachague na mkeo."

Kesho yake karatasi zilikuwa mezani, kando ya ndoo ya gundi. Wengine wanamlaumu shetani, mimi namlaumu Vejsil. Alibandika nyeusi kituo cha tramu, buluu kwenye duka la mikate, kijani kwenye mti wa sokoni, ng'ambo. Nafasi ya tarehe ya kifo ilikuwa tupu, ila nani husoma mpaka huko?

Kufikia saa nne wanawake walikuwa wanakaanga halua ya matanga, na watu wanabishana kama wamekufa akina Gojko watatu. Gojko mwenyewe alikwenda kununua mkate, akapewa pole. Akaja kwa Vejsil na fimbo mkononi, nami niliyekuwapo nikawahi kumnyang'anya.

"Umeniua mara tatu, mwehu wewe."

"Na hujafa hata moja. Mshukuru Mungu."

Mara akaingia Savka, kajitanda kitambaa cheusi, macho yamevimba, tangazo la kijani kalikumbatia kifuani. Alipomwona mdogo wake amesimama, akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akamzaba kofi ambalo nadhani hata msikitini walilisikia.

Gojko alishika shavu. "Dada, lakini hilo ni la kijani."

"Mimi nilisoma jina," alisema Savka, akaanza kulia upya.