Viatu Nje ya Chumba cha Kompyuta

Kompyuta ya kwanza ilipofika ofisini kwetu Kitui, mwanzoni mwa miaka ya tisini, fundi alituonya kwamba vumbi litaiharibu. Ikawa sheria: anayeingia chumba kile avue viatu. Mimi niliyekuwa nimepiga taipu pale miaka kumi na mmoja nilikasirika. Tangu lini mashine ikaheshimiwa kuliko mtu?

Halafu bosi akaja kuiona. Kwa kawaida tulisikia viatu vyake kwenye korido, tukanyamaza. Siku hiyo aliviacha mlangoni, kando ya akala za tairi za mama wa usafi, akaingia bila kishindo. Kidole gumba kilikuwa kimetokeza kwenye soksi. Tukainamisha vichwa. Mama wa usafi, ambaye hakuwahi kumwambia bosi neno zaidi ya salamu, akaangua kicheko.

"Mzee, lete hiyo soksi nishone."

Bosi akatazama mguu wake, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Kesho yake aliileta kweli. Mama alipoirudisha, alisimama akiikodolea kompyuta macho, na bosi akaniambia, "Mwonyeshe na yeye." Kufika Krismasi mama alikuwa anachapa barua, nami namgombeza kwa kugonga vidude kama anayetwanga mahindi.

Miaka miwili baadaye fundi alileta mashine mpya. Akasema hizi haziogopi vumbi, tuingie tu na viatu. Tulisimama mlangoni tukitazamana.

Bosi ndiye aliyeinama kwanza, akafungua kamba.