Amplifaya Ndogo na Redio ya Jirani

Walisema sitaweza. Aliyeanza ni mwalimu wetu wa kwaya, tena mbele ya watu. Alisema vidole vilivyokua vikishika fimbo ya kuchungia haviwezi kutembea kwenye nyuzi za gitaa. Wengine wakaongeza ya kwao: kwamba mtoto anayelelewa na bibi ataishia kupiga miluzi nyuma ya ng'ombe, kwamba kijiji chetu cha Migato hakijawahi kutoa fundi wa kitu chochote chenye waya. Siwataji kwa ubaya. Nawataja ili ujue, rafiki yangu, kwamba yule mtu aliyeingia juzi kwenye duka la vyombo vya muziki hapa Bariadi, akasimama mbele ya amplifaya kama vile ndiye aliyezitengeneza, ni mimi.

Nina diploma ya umeme, na sikuipata kwa kubebwa. Nimerudi nyumbani wakati wenzangu wengi bado wanapanga vyumba Dar es Salaam. Nyumba yangu imeezekwa bati la msauzi, na kila waya uliomo ndani nimeuvuta kwa mkono wangu. Kwa hiyo kijana wa dukani aliponielekeza kwenye sanduku kubwa la spika mbili, nilimwacha amalize maneno yake.

"Hii sasa ndiyo mashine, kaka. Ukiiwasha, mtaa mzima unajua umenunua kitu."

"Mtaa nitauuzia tiketi?"

Akacheka. "Sasa unataka ipi? Hiyo ndogo ni ya watoto."

Hiyo ndogo ndiyo niliyoishika. Ilikuwa na spika moja upana wa sahani, vitufe vitatu tu, tundu la gitaa, tundu la hedifoni, na mahali pa kuweka betri umeme ukikatika. Nikachomeka gitaa, nikashusha sauti mpaka karibu na mwisho, nikainamisha sikio. Amplifaya ya kujifunzia nyumbani ipimwe hivyo, nawe ukinunua nakushauri ufanye vivyo hivyo. Kwa sauti kubwa kila sanduku ni zuri. Lishushe, uone kama kila uzi bado unasikika peke yake, au zote zimekuwa uji.

"Wewe ni wa kwanza ninayemwona akijaribu amplifaya kwa kuipunguza," kijana akasema. "Umefundishwa chuo gani?"

Nikamwambia chuo changu cha kwanza kilikuwa jikoni kwa bibi, na hakuelewa. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Migato ya wakati huo haikuwa na nguzo hata moja ya umeme. Kila mji ulizungukwa na uzio wa minyaa, na asubuhi ulisikia kengele za ng'ombe wakitoka, kisha vinu vya wanawake, kisha kimya kirefu cha watu waliokwenda kuchuma pamba. Mimi na bibi tulichuma mpaka ncha za vidole zikachanika. Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, na jioni matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, ambayo bibi alinipimia kwa kiganja chake kwa sababu alijua mfukoni hayakai.

Kanisani kwetu kulikuwa na gitaa moja la umeme, jekundu, lililochubuka pembeni. Siku ya Jumapili liliunguruma kwa jenereta na amplifaya kubwa ambayo haikuruhusiwa kutoka ndani ya kanisa. Mwaka huo mpigaji wetu alihamia mgodini, na sikukuu ya mavuno ilikuwa imebaki wiki nne. Nilikuwa nimejifunza kwa kumwangalia mikono, na nilikuwa na gitaa langu la debe la mafuta nyumbani. Nikamwendea mwalimu wa kwaya, nikamwomba nafasi. Ndipo aliposema yale ya fimbo. Lakini alipoona siondoki, akanipa gitaa lenyewe.

"Nenda nalo. Siku ya sikukuu utapiga wimbo wa matoleo, mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa namleta mpiga gitaa wa Lalago, na wewe urudi kwa ng'ombe zako. Gitaa hili usiliguse tena."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Wimbo mmoja, wiki nne.

Tatizo ukilijua ni dogo, usipolijua ni mlima: gitaa la umeme bila amplifaya halisemi. Linanong'ona kama mbu. Nilihitaji kitu cha kulitoa sauti pale nyumbani, na ukiacha amplifaya ya kanisani, kijijini kulikuwa na vitu viwili tu vyenye spika. Cha kwanza kilikuwa honi ya karani wa pamba, ile ya kuwaita watu kwenye mzani, pamoja na kisanduku chake na betri ya gari. Cha pili kilikuwa redio kaseti ya jirani yetu, mzee mgane aliyeishi peke yake upande wa pili wa minyaa.

Sikufikiri mara mbili. Nilichagua honi.

Usinicheke. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili ya ngoma hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi kutoka kwa mwenzake. Mtoto aliyekulia hapo anajua kitu kimoja tu kuhusu muziki: sauti ikifika mbali, umeshinda. Nikamwomba karani. Ununuzi ulikuwa umesimama siku kadhaa wakisubiri fedha, honi imelala tu ghalani, na yeye alikuwa mtu wa moyo mwepesi. Akaniazima.

Niliifunga juu ya kihenge cha bibi, ghala letu la mtama, nikaielekeza kijijini. Kisha nikafanya kosa ambalo mpaka leo watu wa Migato wananikumbusha. Kabla ya kupiga nilishika kipaza sauti cha karani, na kwa raha tu, nikasema kama karani anavyosema siku zote: "Halo, halo. Moja, mbili. Moja, mbili." Halafu nikaanza kupiga.

Nilipiga vizuri, au niliona hivyo. Honi ilikuwa inalia mpaka kuku wamekimbilia migombani. Wimbo sijaumaliza nikaona vumbi. Mkokoteni wa kwanza wa ng'ombe ulitokea kwenye njia, umejaa marobota ya pamba. Nyuma yake wa pili. Baiskeli tatu, kila moja na gunia. Mwanamke na furushi kichwani, anatembea karibu na kukimbia.

"Mwadila, mama," akamsalimu bibi huku anahema. "Mzani wameuhamishia hapa kwako?"

"Mzani gani?"

"Si tumesikia moja mbili! Nimeacha ugali motoni."

Watu waliokuwa wanasubiri ununuzi ufunguliwe siku zote hizo walisikia sauti ya honi ileile na maneno yaleyale, wakafunga ng'ombe mikokoteni. Uani kwetu kukajaa. Mwenye mkokoteni wa kwanza alinitazama nilivyosimama na gitaa jekundu, akatazama honi juu ya kihenge, akaelewa.

"Haya, karani mdogo," akasema, "teremka upime. Na bei utaje kwa hilo gitaa lako."

Wakacheka, lakini si wote. Wengine walikuwa wametoka mbali. Bibi hakunigombeza mbele yao. Alitoa maziwa ya mgando na lile kapu lote la matobolwa, akawagawia hadi mtu wa mwisho, akawaomba radhi kwa Kisukuma, mmoja baada ya mwingine. Karani naye alifika anatweta, akaishusha honi mwenyewe, akaniambia ununuzi ukifunguliwa nitamlipa kwa kazi. Na kwa miaka mingi, rafiki yangu, jina langu lilikuwa Karani Mdogo.

Walipoondoka bibi alikaa kizingitini. "Ng'wanawane," aliniita hivyo, mwanangu, "umejaza uwanja. Ule wimbo je, unaujua?"

Nikasema naujua.

"Mimi nilikuwa hapa hapa na sikusikia unakosea wapi. Wewe ulisikia?"

Sikuwa nimesikia. Honi ilikuwa imemeza kila kosa na kulitema likiwa kelele. Wiki moja ilikuwa imekwisha, na nilichokuwa nacho ni aibu tu.

Kesho yake, jua linapoelekea kuzama, jirani yetu alipita kwenye pengo la minyaa amekumbatia redio yake kama mtoto mchanga. Watu walimjua kwa ukali kuhusu ile redio. Hata kuigusa hakuruhusu mtu. Akaiweka juu ya kigoda jikoni.

"Ina tundu hapa pembeni, sijui la nini. Labda wewe unajua. Ila saa moja, taarifa ya habari, ni yangu. Nitakuja kusikilizia hapahapa."

Lilikuwa tundu la maikrofoni. Nilivua waya, nikaunga, nikachomeka, na kutoka kwenye spika zile mbili ndogo gitaa likasema. Halikuvuka hata ukuta wa jiko. Lakini kila uzi ulisikika peke yake, na kila mahali nilipojikwaa palisikika pia, bila huruma. Usiku ule nilitaka kulia. Niligundua sikuujua hata nusu ya ule wimbo.

Hapo ndipo mazoezi yalipoanza kweli. Mchana tulianika mawe ya redio, zile betri kubwa, kwenye bati juani ili yapate nguvu kidogo. Jioni bibi akisonga ugali, mimi nikipiga, moshi wa kuni ukipanda, jirani aliingia mapema kuliko saa ya habari. Alikuwa amechunga ng'ombe maisha yake yote na hakujua hata noti moja. Alisikiliza kama mtu aliyesimama mlangoni pa zizi jioni, anahesabu wanyama wanavyoingia.

"Simama," alikuwa akisema. "Mmoja hajaingia."

"Wapi, mzee?"

"Pale baada ya wale wawili waliokwenda pamoja. Jana aliingia. Leo hayupo."

Nikirudia, kweli, nilikuwa nimeruka sauti moja. Sikuwahi kumwona akikosea. Saa moja nilichomoa waya, tukasikiliza habari sote watatu, kisha akasema, "Haya, warudishe malishoni, waje tena," nami nikaanza upya. Uzi wa kwanza ulikatika wiki ya tatu. Nikaweka unywele mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, nikaendelea.

Siku ya sikukuu kanisa lilinuka mahindi mabichi na mapapai. Watu walileta mbuzi, mtama, pamba nyeupe kwenye vikapu. Mpiga gitaa wa Lalago alikuwa ameitwa kweli. Alikaa mstari wa mbele na shati lake la kung'aa, anasubiri nianguke. Mwalimu wa kwaya aliinua mkono, na kabla ya kugusa uzi nilipunguza sauti ya ile amplifaya kubwa. Nilimwona mwalimu akikunja uso. Nikapiga wimbo wa matoleo mwanzo mpaka mwisho, na ninakwambia bila kupepesa macho, wote waliingia zizini. Yule wa Lalago alikuja kunipa mkono. Mwalimu alisema tu, "Mazoezi ni Alhamisi. Usichelewe." Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Siku hizi ukipita Migato minyaa imekatwa, watu wamejenga kuta za tofali. Pamba inatangazwa kwa ujumbe wa simu. Kijiwe cha bodaboda kina sabufa yake, na duka la pembeni yake lina yake, zinabishana kutwa. Bibi hayupo, mzee hayupo. Ninayo amplifaya inayofanya yote niliyoyatamani, na hedifoni za kunifunga masikio nisimsumbue mtu. Nikizivaa ninasikia kila kosa langu, ila hakuna wa kuniambia ni nani hajaingia.

Lakini wote walioniazima niliwalipa. Hilo waliosema sitaweza walijue. Jumatatu baada ya sikukuu niliamua kwamba sitadaiwa na mtu. Ununuzi ulikuwa umefunguliwa, nikaenda ghalani kwa karani, nikaingia ndani ya magunia nikashindilia pamba kwa miguu tangu asubuhi mpaka aliposema inatosha. Nikapita kwa mwalimu wa kwaya na uzi mpya wa gitaa, wa dukani, nilioununua kwa mayai ya kuku wangu. Mwisho nikafuta redio kwa kitambaa chenye maji, nikaweka mawe mapya yote sita, nikapita kwenye pengo la minyaa nimeibeba kwa mikono miwili.

Mzee alikuwa amekaa nje peke yake. Aliigeuza akatazama nyuma, akaona mawe mapya.

"Na mazoezi?"

"Nitafanyia kanisani, mzee. Sasa nimeruhusiwa ile kubwa."

"Vizuri," akasema. "Wabeja." Yaani asante. Nami nikarudi kwa bibi kifua mbele, mtu asiyedaiwa.

Saa moja ilipofika tulikuwa jikoni, mimi na bibi, na kigoda cha tatu kikiwa kitupu. Kutoka ng'ambo ya minyaa tukasikia taarifa ya habari inaanza, kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuiweka. Nikatoka kuchungulia. Alikuwa ameiweka redio pale penye pengo, ameielekeza kwetu, na yeye amekaa nyuma yake.