Mkoba Uliotundikwa Nyuma ya Mlango

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, mwaka jana, nilimpoteza mbwa mwekundu aliyeachwa na marehemu mume wangu. Nguruwe pori alimchana paja pembeni ya shamba langu la mahindi, huku Msangano. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alimpaka majivu na tumbaku kama tulivyozoea, tukambeba. Hatukuwa na kitambaa cha kukaza jeraha. Alitufia njiani.

Nikabaki na mama yake, jike jeusi lenye sikio lililochanika. Ndiye mbwa wa mwisho aliyebaki kati ya waliofundishwa na mume wangu. Mahindi yalikuwa bado shambani, na kumfungia nyumbani ilikuwa sawa na kuwakaribisha nguruwe mezani. Nikaamua ataenda kuwinda, lakini safari hii aende na dawa zake.

Nilianza kwa bwana mifugo wa kata.

"Kwa majivu na tumbaku mnachafua kidonda," alisema. "Chemsha maji na chumvi kidogo, yapoe, uyabebe. Osha, weka kitambaa safi, kandamiza mpaka damu ikate, ndipo ufunge. Vidonge vyenu vya maumivu usimpe, vinaweza kumuua. Na kabla ya yote hayo, mfunge mdomo."

"Huyu haning'ati. Amekulia mikononi mwangu."

"Akishikwa na maumivu atamng'ata hata mchungaji wako."

Nikapanda gari kwenda Tunduma. Kwenye duka la dawa niliomba bendeji, pamba, mkasi, kibano cha kutolea miiba na dawa ya kuoshea vidonda. Muuzaji, kijana mpole mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, alinitazama kwa huruma.

"Pole, mama. Mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka sita."

"Masikini! Ameumia wapi?"

"Bado hajaumia."

Akaweka bendeji chini. "Sasa?"

"Ni mbwa. Anawinda."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi nyuma yangu alicheka mpaka kikohozi chenyewe kikampanda. "Mbwa huyo ana bahati," akasema. "Mume wangu akijikata namfunga soksi."

Yule kijana naye akacheka, lakini alinibadilishia bendeji. Akanipa zile zinazovutika, akasema mbwa hatulii kama mtu.

Kilichobaki ni chombo. Sokoni nilipata ndoo ndogo yenye mfuniko mzuri, iliyokuwa imebebea kapenta, wale dagaa wakavu, kutoka upande wa Zambia. Niliisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa majivu na limau, nikaianika juani. Nikainusa, nikaridhika. Shemeji naye akainusa, akasema, "Safi, shemeji. Hata maji ya kunywa unaweka."

Kumbe tulikuwa tumeinusa kwa pua zetu.

Tuliporudi shambani, nguruwe tulikuwa tunawasikia wakivunja mabua. Niliweka ndoo kivulini, shemeji akapiga mluzi. Hakuna mbwa aliyetoka. Kugeuka, jike langu na mbwa wawili wa shemeji wamekaa kuizunguka ndoo, mate yanawatoka, wanasubiri ifunguliwe.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Polisi wako wanalinda kituo, wezi wako shambani!"

"Na hao wako wawili je?"

"Wangu wamefuata mkubwa wao!"

Tuliwafukuza nguruwe wenyewe, kwa kupiga debe na kukimbia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tuta. Sikuwa nimecheka namna hiyo tangu mazishi.

Jioni nilijua chombo kingine kilipo. Mkoba wa turubai wa mume wangu ulikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale alipoutundika mwenyewe. Sikuwa nimeugusa. Nilipoutungua tu, jike liliruka, likazunguka chumba, likaenda kulia mlangoni. Alidhani tunatoka. Nadhani alimtarajia na mwenye mkoba.

Ndani mlikuwa na kiberiti, kipande cha muhogo mkavu, na kipande cha khanga yangu ya njano, kimekunjwa vizuri, kina madoa ya damu ya zamani. Khanga ile ilipotea kwenye kamba, nikawasingizia mbuzi wa jirani, na mume wangu akakubali kabisa kwamba mbuzi wale wana tabia mbaya. Kumbe alikuwa anafungia mbwa wake.

Nikakaa kitandani. Kitambaa tulichokikosa siku ile ya mbwa mwekundu kilikuwa nyuma ya mlango wangu.

Kisha nikaifua khanga, nikaichemsha, nikaianika. Ilipokauka niliikunja juu ya dawa zote nilizozihamishia mkobani kutoka kwenye ndoo.

Wiki iliyofuata jike halikuhitaji hata mluzi. Lilimtoa nguruwe mkubwa kwenye mahindi, likamfuata mpaka korongoni, likarudi bega limechanika. Nilimfunga mdomo kwa khanga kwanza. Bwana mifugo alisema kweli, maana nilipogusa kidonda aligeuza kichwa kuning'ata. Shemeji, kwa mazoea, alikuwa ameshatoa kikopo chake cha tumbaku.

"Hiyo kanuse mwenyewe," nikamwambia. "Lete maji ya chumvi."

Alimwaga, nikaosha. Nikaweka kitambaa, nikakandamiza. Damu ilipita kwenye vidole vyangu, nikaongeza kitambaa, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Halafu ikapungua. Ikakata. Nilipomaliza kufunga, shemeji akamnyanyua begani, akalalamika kwamba mzigo ni mzito, na kosa ni lake, maana yeye ndiye anayemtupia mifupa.

Bwana mifugo alimshona siku hiyo hiyo.

Asubuhi nilipoamka nilimkuta mbwa amelala nyuma ya mlango, chini ya mkoba, bendeji begani. Aliutazama, akanitazama, akaanza kulia. Nikamwambia leo hatuendi. Nikautundika kwenye msumari wa juu zaidi, nikachukua ndoo ya kapenta, nikaenda kuchota maji ya kumwagilia mboga.